Kuandika Hadithi za Kusini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wanaoandika riwaya na hadithi fupi ambazo watu wake wanaishi Mtwara au Lindi. Wanaoniuliza maswali haya wengi wao ni vijana. Wapo waliozaliwa Newala, Ruangwa au Kilwa Masoko, na wapo ambao hawajawahi kuvuka Mto Rufiji. Nawajibu pamoja kwa sababu kasoro ninazokutana nazo kwenye miswada yao zinafanana, na kuzaliwa huku hakumkingi mtu nazo.

Mimi si mtu wa Kusini. Je, ninaruhusiwa kuandika kuhusu Wamakonde?

Unaruhusiwa. Hakuna aliyepewa hati ya kumiliki watu wa Newala, na fasihi ya Kiswahili ingekauka kama kila mwandishi angeandika wa kwao tu. Kinachotakiwa ni kazi, na kazi yenyewe inaanza pale unapoacha kuandika kuhusu "Wamakonde" ukaanza kuandika kuhusu mtu mmoja. Tuseme ni mwanamke wa Kitangari, umri wake miaka hamsini na ushee, ana mikorosho aliyoachiwa na mama yake, ana binti anayesoma sekondari Masasi, na dukani ana deni. Sasa jiulize. Ni nani akimwita usiku wa manane lazima aamke aende? Ni nani hathubutu kula naye sahani moja? Mavuno yakilipwa, nani atakuwa wa kwanza kubisha hodi? Ni jambo gani analijua kuhusu kaka yake ambalo hatalisema mpaka anaingia kaburini?

Ukiweza kujibu hayo bila kubahatisha, kabila lake litaonekana lenyewe katika kila ukurasa. Usipoweza, mvishe kila pambo la Kimakonde unalolijua, bado atabaki sanamu. Maswali yote yaliyo hapa chini nayajibu kutokana na hilo. Ukweli wa mhusika unakaa kwenye madeni yake, miiko yake na matumaini yake. Mapambo yanakuja nyuma, mengine hayana haja ya kuja kabisa.

Mhusika wangu ni Mmakonde. Lazima awe na chale usoni na ndonya?

Hapana. Chale za uso na ndonya, kile kipande cha mti kinachovaliwa kwenye mdomo wa juu, ni za vizazi vilivyopita, na zilishamiri zaidi kwa Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Mueda, Msumbiji. Wengi wao huku waliitwa Wamawia, walivuka mto kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Lindi na Mikindani. Hadithi yako ikiwa ya leo, Shangani au Chikongola pale Mtwara mjini, mwenye ndonya atakuwa bibi kizee wa kuhesabika. Akiwepo, mpe la kufanya: agombe, akopeshe, amfiche mjukuu anayetafutwa na mgambo. Asiwekwe barazani ili msomaji amtazame mdomo.

Na uchongaji ni vivyo hivyo. Mitindo ya shetani (vinyago vya mizimu) na ujamaa (watu wengi waliofungamana kwenye gogo moja) ilikulia zaidi Dar es Salaam, mikononi mwa wachongaji waliotoka Msumbiji na Mtwara, ikiuzwa kwa wageni. Mmakonde wa kawaida wa Tandahimba hajawahi kushika patasi, yeye ni mkulima. Nipe Mmakonde karani wa chama cha msingi cha ushirika, nipe fundi wa friji, nipe nesi wa zamu ya usiku. Nina njaa ya kuwasoma hao.

Lafudhi niiandikeje? Nikiandika Kiswahili sanifu kitupu naona kama nawadanganya wasomaji.

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu lafudhi ya Kusini imechekeshea watu kwa miaka mingi kwenye michezo ya redio, ya jukwaani na ya runinga. Mlinzi wa getini, mwenye panga kiunoni na akili finyu, akifungua kinywa tu watu wanacheka. Mwandishi anayerithi mlinzi huyo bila kufikiri anarithi na dharau yake.

Ni kweli kwamba mtu wa huku akisema "mtu" unaweza kusikia "ntu", na "mnazi" ukawa "nnazi". Ni sauti nzuri, na mimi sioni aibu kuisikia wala kuiandika. Shida inakuja pale mlinzi peke yake anapoandikwa kwa sauti yake, huku tajiri wake, askari na msimulizi wakiandikwa kana kwamba wao hawana lafudhi. Hapo umeshamwambia msomaji nani ni mtu kamili na nani ni kichekesho. Kama unaandika sauti, andika za wote. Mchaga wako naye ana lafudhi, Mzanzibari wako naye, na huyo msomi aliyerudi kutoka Uingereza naye pia.

Ushauri wangu ni kuacha herufi na kushika mambo mengine: nani anaitwaje, nani anaanza kusema, nini hakisemwi. Soma mazungumzo haya ya simu kati ya mama wa Mahuta na mwanawe aliye Dar es Salaam:

"Malipo ya mnada wa pili bado hayajaingia."

"Si waliahidi wiki iliyopita?"

"Waliahidi. Mjomba wako kaenda chamani tangu asubuhi."

"Nitatuma kidogo mwisho wa mwezi, mama."

"Haya, baba. Ukituma, tuma kwenye simu yangu, si ya mjomba wako."

Hamna "ntu" hata mmoja hapo. Lakini mtu wa Mahuta akisoma atajua yuko kwao, kwa sababu anajua mjomba ana sauti gani katika nyumba ile, anajua siku za kusubiri malipo ya korosho zilivyo, na anajua kwa nini mama amepunguza sauti kwenye sentensi ya mwisho.

Jambo lingine. Watu wetu hawazungumzi lugha moja siku nzima. Mtu huyohuyo anamsalimia mama yake Kimakonde, anapatana bei ya samaki kwa Kiswahili cha sokoni, na akifika ofisi ya kata anaweka Kiswahili cha shule. Anapobadilisha lugha kuna kitu anataka au kuna kitu anakwepa. Riwaya nyingi zinapita pale bila kuona, wakati hadithi iko hapohapo.

Ni makosa gani unayakuta mara nyingi kuhusu familia za Kusini?

La kwanza ni mahari ya ng'ombe. Muswada unamweka binti wa kijiji cha Masasi, posa inaletwa, na baba anadai ng'ombe kumi. Ng'ombe hao wametoka wapi? Sehemu kubwa ya Kusini ilikuwa nchi ya mbung'o na watu wake ni wakulima. Mwandishi amebeba ndoa ya Kanda ya Ziwa akaishusha Masasi.

La pili linatokana na hilohilo: baba mwenye amri ya mwisho. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera wanahesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba, yaani kaka wa mama, ndiye mwenye neno katika ndoa, ugomvi na urithi. Kwa Wayao na Wamakua desturi ya zamani ilikuwa mume kuhamia kwao mke na kulima chini ya macho ya wakwe. Hebu fikiria maana yake kwa hadithi. Mwanamume anaishi ugenini, mke yuko kwao, na ndugu zake wako hatua chache tu. Ndoa ikivunjika, anayefunga mizigo ni mume. Ukiandika mke aliyeachwa analia barabarani na kibegi chake, jiulize kwanza nyumba ile ni ya nani.

Lakini usiandike kana kwamba ukoo wa mama haujaguswa na kitu chochote. Uislamu umekuja na mirathi yake, mahakama imekuja na sheria zake, na mkorosho umekuja na ugomvi wake. Shamba la mtama la mwaka mmoja halina mirathi ya kugombaniwa sana. Mkorosho unaishi miongo. Baba aliyeupanda anataka mwanawe auvune, mpwa wake anakumbusha kwamba mali ya mjomba inashuka kwa wapwa, na mjane yuko katikati, ndiye aliyeupalilia miaka yote. Hapo kuna riwaya ya kurasa mia nne, na sijaona bado iliyoandikwa inavyostahili.

Kusini kuna makabila gani hasa? Nataka hadithi yangu iwe na watu mchanganyiko.

Usianze na orodha. Anza na mahali, kisha uulize nani wanapita hapo. Weka hadithi yako stendi ya Masasi saa kumi na moja alfajiri, na mchanganyiko utakuja wenyewe: Mmakua muuza chai, Myao mwenye basi, Mmwera aliyetoka Nachingwea kumpeleka mtoto Hospitali ya Ndanda, kijana wa Kibena anayefuata biashara ya mbao. Masasi ina Waanglikana tangu misheni ya mwaka 1876, Ndanda ina watawa Wabenediktini, na pembeni kuna misikiti ambayo waumini wake ni shangazi na binamu wa hao hao Waanglikana. Familia moja kuwa na Yohana na Yusufu wanaochangia msiba mmoja ni jambo la kawaida, usiliandike kama muujiza.

Pwani ni nyingine. Mikindani na Lindi mjini utakuta nyumba za Wahindi na Waarabu za vizazi vitatu au vinne, na wajukuu wanaosema Kiswahili cha hapo kuliko lugha ya babu zao. Kilwa kuna Wamatumbi wanaoshuka kutoka vilimani, Wamachinga (kabila, si wachuuzi wa mitaani), na wenyeji wa visiwani. Liwale kuna Wangindo. Tangu mwaka 2006, wafugaji walipoondolewa bonde la Usangu na Ihefu, Wasukuma na Wamang'ati wameingia na mifugo yao Kilwa, Liwale na kwingineko mkoani Lindi. Kwa hiyo hadithi ya Lindi ya leo inaweza kuwa na ng'ombe, ila ujue ni wa nani na ugomvi wake na shamba la ufuta ni upi. Na mpakani wapo Wamsumbiji, baadhi wakiwa na shangazi na wajomba upande huu tangu enzi za babu, wengine waliokimbia Palma iliposhambuliwa Machi 2021.

Mhusika asiwepo ili kutimiza hesabu. Kama Mhindi wako kazi yake ni kuwa bakhili dukani na Msukuma wako kazi yake ni kuwa mjinga wa mjini, umeongeza idadi ya makabila na kupunguza idadi ya watu.

Naweza kuandika kuhusu unyago na jando?

Unaweza, na uwe mwangalifu kuliko unavyodhani inatosha.

Kuna sehemu ya hadharani na kuna sehemu ya ndani. Siku mwali anatolewa nje kila mtu anaona: amepakwa mafuta, ana kanga mpya, macho chini, hatua ndogondogo, ndugu wanamtuza noti, shangazi anapiga vigelegele mpaka sauti inakauka. Hiyo iandike kwa undani wote, jinsi mkono wa mama unavyotetemeka anapobandika noti kwenye paji la uso wa binti, na jinsi binti anavyojizuia kumtazama. Ya ndani, yaani nyimbo na mafundisho ya kungwi, wenyewe wameyaweka chini ya kiapo. Nimeona miswada iliyochapa nyimbo hizo neno kwa neno ili kumwasha msomaji, na huo ni wizi. Aliyekupa wimbo ule, kama alikupa, alikuwa anavunja ahadi aliyoiweka mbele ya wanawake waliomlea.

Utasema, sasa riwaya yangu itakuwa na tundu. Itakuwa nalo, na tundu hilo linaweza kufanya kazi. Mwandishe binti wiki moja kabla na wiki moja baada. Kabla, anaruka ua kwenda kuchota maji na anamjibu kaka yake kijeuri. Baada, anapita mlangoni, ndoo ileile, na kaka yake ndiye anayekosa la kusema. Msomaji ataelewa kwamba kuna kitu kimetokea, na atauheshimu mlango uliofungwa.

Usisahau pia kwamba mila hizi zina historia ya mabishano. Masasi, Askofu Vincent Lucas wa Kanisa la Anglikana alitengeneza jando la Kikristo miaka zaidi ya mia iliyopita, na wapo waliomuunga mkono na wapo waliompinga. Leo wazazi wanabishana kuhusu umri wa mabinti, kuhusu masomo yanayokatizwa, kuhusu kumpeleka mtoto wa kiume hospitali. Kungwi mwenyewe anaweza kuwa na mashaka. Mwalimu wa shule anaweza kuwa alichezwa ngoma na akaipenda. Mpe kila mmoja hoja zake zenye nguvu, hata usiyekubaliana naye.

Kitu kidogo ambacho wengi hawakijui: mtu anaweza kutoka jandoni au unyagoni na jina jipya. Mhusika wako anaweza kuwa na jina la utotoni ambalo leo ni bibi yake peke yake anayethubutu kumwita nalo.

Naandika riwaya ya kihistoria. Nifuate historia kwa kiasi gani?

Tuna mfano wa hapahapa. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi, alipoandika tamthilia ya *Kinjeketile*, iliyotoka mwaka 1969, alieleza mwanzoni kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha kubuni, si yule mtu wa historia, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye Wajerumani walimnyonga Mohoro Agosti 1905. Alijipa uhuru wa kumwingia mtu moyoni na kuweka mashaka yake ndani. Na alisema waziwazi kwamba anafanya hivyo. Kwangu huo ndio uaminifu: buni moyo, na usifiche kwamba umebuni.

Mazingira ya moyo huo ni jambo lingine, hayo hayana uhuru. Vita vya Maji Maji vilianza kwenye vilima vya Umatumbi, Nandete, Julai 1905, kwa watu kung'oa pamba walizolazimishwa kulima. Nimewahi kusoma rasimu ambapo wapiganaji wale wanajificha kwenye mashamba makubwa ya korosho. Mkorosho ulikuwepo pwani tangu enzi za Wareno, lakini korosho kama zao kubwa la biashara la Kusini ni habari ya baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Hata karibuni zaidi watu wanateleza. Mhusika wa mwaka 1998 hawezi kupanda basi Mtwara asubuhi akalala Dar es Salaam, hasa masika. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, kabla yake watu walisubiri kivuko Rufiji, na hata baada yake kipande cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kuwalaza abiria kwenye tope kwa miaka. Siku mbili au tatu njiani zinatosha watu kupendana, kuibiana na kusameheana, kwa hiyo usizifute. Treni nayo ilikuwepo, kati ya Mtwara na Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza uliokufa mwaka 1951. Mwaka 1955 mhusika wako anaweza kuipanda. Mwaka 1975 hawezi, reli ilikwisha kung'olewa.

Na kama hadithi yako inapita miaka ya 1970, ujue kilichofanyika vijijini. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho ikabaki mbali na nyumba zao mpya, wengi wakaiacha. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya takriban tani 145,000 za korosho, katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa chini ya tani 20,000. Ugonjwa wa ubwiri unga na bei mbaya vilichangia. Tarakimu hizo si za kumwaga kwenye riwaya. Zitumie kujua kwa nini mzee wako, kila jioni, anatembea kilomita saba kwenda kutazama miti isiyopaliliwa.

Vipi kuhusu utumwa? Kilwa Kivinje inanivuta.

Inavuta, na ina uzito. Karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kuu ya mateka waliotoka pande za Ziwa Nyasa. Kumbuka kwamba wajukuu wa waliouzwa na wajukuu wa waliouza bado wanasali safu moja, na kwa hisani ya wazee mambo mengine hayatajwi. Usitumie jina la ukoo uliopo. Buni ukoo, buni mtaa ikibidi. Usimpe Mwarabu peke yake dhambi yote, maana misafara iliongozwa na watu wa aina nyingi, Wayao wakiwamo, wala usimtue mzigo alioubeba.

Nataka korosho ziwe sehemu ya hadithi. Nijue nini?

Jua mwaka wake. Mikorosho inatoa maua karibu na Juni na Julai, ndipo watu wanapuliza salfa kuzuia ubwiri unga, alfajiri wakati upepo umetulia. Kuanzia Oktoba hivi korosho zinaanguka zenyewe, nazo zinaokotwa chini ya mti. Ukiandika vijana wamepanda juu wanazichuma nitafunga muswada. Anayeokota anainama kutwa nzima, anazungusha bibo kwa mkono mmoja mpaka korosho inachomoka, bibo analitupa kwenye ndoo ya uraka, yaani pombe ya mabibo, korosho kwenye kikapu. Jioni vidole vinanata na nguo ina madoa yasiyotoka hata kwa sabuni gani. Mwanamke anayebangua kwa mkono nyumbani anapaka majivu viganjani, kwa sababu maji ya ganda yanababua ngozi. Ukimwandika anasalimiana na mgeni, mgeni ataviona viganja hivyo kabla ya uso.

Kisha jua fedha yake. Tangu mwaka 2007 korosho zinapita kwenye stakabadhi ghalani: unapeleka chama cha msingi, zinapimwa, zinakwenda ghala kuu, zinauzwa mnadani, unasubiri. Kusubiri huko ndiko kunakozaa kangomba, yaani mtu anayekuja miezi ya njaa na fedha mkononi, anakupa leo ili achukue mavuno yako kwa bei ya kutupa. Mwandishi mvivu anamfanya kangomba kuwa shetani. Lakini mara nyingi ni kijana wa mtaani kwenu, mama yake anajulikana, na fedha aliyokupa ndiyo iliyomlaza mwanao wodini. Kama hadithi iko msimu wa 2018, Serikali ilipoamua Novemba kununua korosho yenyewe na wanajeshi wakaja kuzisomba, hilo haliwezi kukosekana kwenye mazungumzo ya kijiweni.

Nataka kuonyesha jinsi Kusini ilivyosahaulika. Sawa?

Malalamiko yapo na yana sababu, ya barabara na ya gesi. Aliyekuwepo Mtwara mjini mwaka 2013, wakati wa vurugu za bomba la gesi, hakuyasahau. Lakini watu hawaamki asubuhi wakiwa "waliosahaulika". Wanaamka wakitafuta ming'oko ya kuchemsha, nauli, na jibu la ujumbe walioutuma jana usiku. Mpe mhusika wako furaha inayoeleweka, ndipo hasira yake itaaminika.

Nina mhusika mwenye ualbino.

Muulize swali lilelile la mwanzo: anataka nini? Kama jibu ni kwamba yupo ili awindwe na waganga, mtoe au mpe maisha. Mpe mapenzi, wivu, kazi, ubishi wa Simba na Yanga. Ni hivyohivyo kwa kiziwi, kipofu na anayetembelea magongo.

Mimi ni mwenyeji. Naogopa kijiji kitajitambua.

Kitajitambua, na wengine watajitambua mahali ambapo hukuwaandika kabisa. Tofautisha mambo mawili. Tabia za watu ni mali ya kila mwandishi. Siri aliyokuambia mtu mmoja akiwa kitandani mgonjwa si mali yako, hata ukibadilisha jina na kumhamishia Liwale. Ukishindwa kuamua, nenda kamwombe. Mara nyingi watu wanakubali zaidi ya tunavyotarajia, na wakikataa, wewe ni mwandishi, buni nyingine.

Mwenyeji ana hatari yake nyingine: anaona kila kitu ni cha kawaida, basi haandiki kitu. Au anaandika Kusini aliyoiona kwenye runinga ya Dar es Salaam, yenye ngoma ya sindimba na vicheko, akiamini hiyo ndiyo inayouzika.

Nani anisomee kabla ya kuupeleka muswada?

Watu wawili wa huko wasiokubaliana. Mzee na binti yake, kwa mfano, au mwalimu na mvuvi. Wakikosoa jambo moja wote wawili, badilisha. Wakibishana wao kwa wao, sikiliza ubishi, uandike, huenda ni bora kuliko sura uliyowapelekea. Kama mtu hana mazoea ya kusoma riwaya, msomee kwa sauti barazani, na umtazame anapoacha kusikiliza. Mlipe muda wake, kwa fedha au kwa kilo ya sukari, maana ni kazi amekufanyia. Na umtaje kwenye shukrani iwapo tu amekuruhusu.

Mhariri anataka nieleze kila kitu cha Kusini kwenye tanbihi. Nikubali?

Mwombe akuachie kwanza ujaribu ndani ya sentensi. Mtoto akimenya ming'oko na kuitia chumvi, msomaji wa Mwanza hatahitaji tanbihi kujua kwamba inaliwa. Ukishindwa mahali mawili matatu, weka maelezo mafupi, hakuna ubaya.

Nikimaliza niupeleke wapi?

Zaidi ya wachapishaji, zipo tuzo zinazopokea miswada ambayo haijachapishwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inaratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ile ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, inapokea kazi za Kiswahili kutoka popote Afrika. Soma masharti ya mwaka husika, hasa ya urefu na ya hakimiliki, na usitume rasimu ambayo hao wasomaji wako wawili hawajaipitia.